Kidani cha Vioo Vyekundu

Jumapili ile mama alishuka saluni na kidani changu mkononi, amekifunga ndani ya leso utadhani kingemuuma.

Saluni ilikuwa imefungwa, hakuna wateja. Ya Tina, yaani dada Tina, mwenye saluni, alitupa nafasi tumsubiri Zephaniah pale chini, maana lifti ya jengo letu ilikufa tangu Pasaka na mimi sikutaka mgeni wa posa apande ngazi zote zile akafika kwetu anahema. Ndiyo, posa. Zephaniah alikuwa anakuja kumwomba mama ruhusa ya kuleta wazee wake kutoka Kenya. Nilivaa gauni langu la kijani, nikajipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa. Nje mvua ilikuwa imetanda juu ya Albert Park, mtaa wetu hapa Durban, lakini hainyeshi, joto limekaa tu, na mimi moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

"Kaa," mama akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kikubwa. Mama akasimama nyuma yangu, nikawa namwona humo ndani ya kioo.

"Hii kitu ulivaa mara ya mwisho siku gani?"

"Ijumaa. Si wewe mwenyewe uliniambia nikivue?"

"Angalia sasa."

Akafungua leso. Kidani kilikuwa cha duara, kinajaa kiganjani, dhahabu yake imefifia, na pembeni kimezungushiwa vijiwe vyekundu. Au tuseme vilivyokuwa vyekundu. Ijumaa nilikivua kikiwa na upande mmoja mweusi. Sasa weusi ulikuwa umezunguka kote, umebakiza kijiwe kimoja tu, na hicho kimoja kilikuwa kinawaka vizuri kuliko siku nilipopewa.

Niwaambie kwanza, havikuwa vito vya kweli, na Zephaniah hakunificha. Yeye kazi yake ni kutengeneza miwani, dukani kule Overport, na ndiko tulikokutana nilipopeleka ya mama iliyovunjika mkono. Mtu anayeshinda na vioo hawezi kudanganywa na kioo. "Ni kioo tu cha zamani, Marcelline," aliniambia siku aliyonivika. "Nyuma yake wamebandika karatasi ya fedha, ndiyo inakifanya king'ae. Lakini aliyekitengeneza alikuwa anampenda mtu sana." Nami nikalia, mjinga mimi, kwa ajili ya kioo. Mama hakulia. Mama alisema mwanaume wa kweli haleti kioo, tena kioo cha marehemu, na asubuhi yake akakipeleka kwa Pasta Josias kiombewe. Vitu vya mitumba vyote kwetu hupita kwa Pasta Josias, hata masufuria. Kililala kwenye bakuli la maji ya maombi, kikarudi kimetakasika, na wiki haijaisha kijiwe cha kwanza kikazima.

"Ya Tina," mama akaita, "nipe kile chanuo chako cha mkia."

"Unataka kufanya nini, Mama Marcelline?"

"Kufungua."

Mimi sikuwahi kukifungua. Nyuma kilikuwa na kifuniko kigumu, nami nilidhani ni urembo tu. Mama akachomeka ncha ya chanuo, akakandamiza, kifuniko kikaruka. Ndani kulikuwa na kioo chembamba sana, na chini ya kioo kuna nywele.

Mama akanisogezea usoni. Kilikuwa kishungi kidogo kimekunjwa kama mdudu anayelala, cheusi, ncha zake zina rangi ya shaba. Rangi ile niliichanganya mwenyewe, pale pale kwenye sinki la Ya Tina, kwa sababu ile ya dukani ilikuwa nyekundu mno. Hakuna kichwa kingine Durban nzima chenye rangi ile.

"Hizi nywele iko za nani?" mama akauliza.

"Zangu," nikasema.

Sijui kama mnajua saluni zetu, kama hii ninayosukia watu. Mteja wetu akimaliza kusukwa hainuki hivi hivi. Anainama, anaokota nywele zake zote sakafuni, hata zile zilizonasa kwenye chanuo, anazitia kwenye mfuko anaondoka nazo. Daktari anaokota, mama wa kanisa anaokota. Hakuna anayeeleza, na hakuna anayecheka. Nywele yako ikikaa kwa mtu mwingine, mtu huyo anakushika. Na zangu zilikuwa zimefungiwa chini ya kioo, zimezungushiwa vitu vyekundu vinavyozima kimoja kimoja, na nimezivaa mwenyewe shingoni kwa hiari yangu.

"Ulimpa?"

"Hapana, mama."

"Donc, basi alikuiba."

Ya Tina akaenda kuvuta ule mlango wa chuma, akaushusha nusu. Saluni ikawa na giza kidogo.

"Usingizi unapata?" mama akaanza.

"Napata."

"Usinidanganye, tunalala chumba kimoja."

"Sipati."

"Chakula?"

"Kidogo."

"Akichelewa kupiga simu, unasikia aje?"

"Tumbo linanikata."

"Na akipiga?"

"Linapoa."

"Saa ile unasuka watu, jina lako hausikiagi linaitwa, ukigeuka hakuna mutu?"

Hilo sikuwa nimemwambia yeyote. Nalisikia, na lilikuwa sauti ya Zephaniah, na mara nyingi nilikuwa natabasamu peke yangu.

"Nalisikia," nikasema.

Ya Tina akacheka kidogo, cheko la kujaribu. "Mama Marcelline, hiyo si njo mapenzi? Mimi nilipokutana na baba wa watoto wangu nilipungua hadi pete zikanitoka."

"Mapenzi najua," mama akamjibu. "Nilimpenda baba yake mpaka anakufa, na nilikuwa nakula." Kisha akanigeukia kwenye kioo. "Ndoto je?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Kwa sababu ndoto ilikuwepo, na niliificha makusudi.

"Naota nipo hapa," nikasema. "Kuna mteja amekaa kwenye hiki kiti, amenipa mgongo. Ni mwanamke. Ana nywele laini, za kahawia, ndefu mpaka kiunoni. Haongei. Anataka nimsuke. Nami nashika chanuo, nagawa nywele ili nipate mstari, nagawa, nagawa, na sifiki kichwani. Chini ya nywele kuna nywele. Halafu ananiambia nisichoke."

"Mara moja?"

"Kila siku, tangu kilipotoka kwa Pasta."

Ya Tina akapiga ishara ya msalaba. Mama akakiweka kidani mezani, katikati ya makopo ya mafuta, akakaa chini akakunja mikono juu ya kitenge chake. Sijawahi kuona mama yangu amezeeka kama dakika ile.

"Niliwaleta miguu toka kwetu mpaka hapa," akasema taratibu. "Msitu, mto, mpaka, vyote. Sikupoteza hata mutoto mumoja. Sitapoteza hapa kwenye saluni. Akija leo tunamaliza."

Nilitaka kusema kitu cha kumtetea Zephaniah. Nilitafuta neno, nikakuta hata ile hamu ya kumtetea naiogopa, kwa kuwa ingeweza kuwa dawa ya mapenzi ndiyo inayosema. Haya, mtu atajiaminije hapo?

Akabisha kwenye chuma. Alivyoinama kupita chini ya mlango nikaona kwanza nywele zake, lile afro lake kubwa analolitunza kuliko viatu, halafu miwani, halafu boksi la keki. Shati limenyooshwa mpaka linasimama lenyewe. Macho yake yalinitafuta mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, kama kawaida yake, na tumbo langu likapoa, na safari hii lilipopoa nikataka kulia.

"Shikamoo mama. Ya Tina, habari. Pole kwa kuchelewa, taxi za kutoka Queensburgh leo ni shida." Akaona kidani mezani, kifuniko wazi. Na unajua alifanya nini? Alitabasamu. "Aa, mmekiona. Nilikuwa nataka Marcelline akifungue mwenyewe siku ya harusi."

Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Hizi nywele iko za nani?" mama akauliza tena, kama hajui.

"Za Marcelline, mama."

Hakusita hata kidogo.

"Ulipata wapi?"

"Alikuwa amelala. Kwangu, ile siku ya mvua kubwa, alikuwa..." Akanitazama. Akaniona uso.

"Ulilala kwake," mama akaniambia.

"Kwenye kochi, mama. Barabara ilikuwa imejaa maji. Dada yake, Makena, alikuwepo."

"Kochi tutaongea kesho." Akamrudia Zephaniah. "Mutoto wangu amelala, weye unakuja na mkasi."

Zephaniah akaweka keki chini polepole. Sasa alikuwa ameelewa kuwa hewa ya chumba si nzuri, ila hakuelewa kwa nini, na hilo lilionekana. "Mama, naomba nieleze. Nilikinunua kwenye duka la vitu vya zamani, na mama wa pale akaniambia kilivyokuwa kinatumika. Watu wa zamani hizo, mtu akipenda mtu, anachukua nywele zake kidogo anazihifadhi humu ndani. Mpenzi akisafiri, akifa, unabaki na kitu chake kisichooza. Ndiyo sababu hawakujali kama mawe ni ya kweli. Kitu chenyewe kilikuwa hicho cha ndani. Nikaona ni jambo zuri. Nikasema nitaweka zake, na siku ya harusi yeye atakata zangu aziweke pamoja na zake, tufunge."

"Akifa," mama akarudia.

"Ni... ni vile walikuwa wanafanya, mama."

"Na hivi vioo? Kwa nini vinakufa?"

Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga uliokuwa unaingia chini ya mlango, akavua miwani ili atazame karibu. "Kiliingia maji?"

"Maji ya maombi. Kililala ndani."

"Basi ni hayo. Maji yakipita nyuma ya kioo ile karatasi ya fedha inaoza, inageuka nyeusi. Inaanza pole pole, inazunguka. Hata kioo cha bafuni hufanya hivyo. Si kitu kingine, mama."

"Na hiki kimoja?"

Akakigeuzageuza kile chekundu kilichobaki. Akakikuna kwa kucha. "Hiki sijui," akasema.

Nikainuka kwenye kiti. Nilikuwa nimenyamaza vya kutosha, na mimi si mtu wa kunyamaza.

"Zephaniah, nasuka watu kila siku. Kuna wateja wananijua tangu nifike Durban, nimewasukia harusi na misiba, na hakuna hata mmoja ananiachia unywele wake. Nao wananipenda. Wewe ukachukua zangu bila kuniuliza."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Sasa..."

"Sasa nini? Ndiyo maana hukuuliza?"

Alikuwa ananitazama na yale macho yake ambayo bila miwani yanakuwa kama ya mtu aliyetoka kuamka, na nilimpenda hapo hapo, nikiwa nimemkasirikia.

"Miye niko na swali moja tu," mama akasema. "Ulitaka kuweka zako na zake. Bon, sawa. Kwa nini haukuanza na zako?"

Nilimwona akitafuta jibu. Mtu mwenye maneno kama yeye, anayeweza kukueleza jicho lilivyoumbwa mpaka ukachoka. Hakupata hata moja.

"Zitoe," mama akasema. "Humo ndani. Sasa hivi."

Zephaniah hatembei bila vile vibisibisi vyake vidogo vya miwani, vipo mfuko wa shati hata siku ya posa. Akavitoa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzungusha. Kisha akaacha.

"Kuna kitu sikuwaambia," akasema bila kuinua kichwa. "Hakikuwa kitupu nilipokinunua. Kulikuwa na nywele za mtu humu. Mama wa duka aliniambia nitupe. Sikuweza. Nikaona mtu amekaa humu miaka yote hiyo, mimi ni nani nimtupe kwenye pipa. Nikamwacha chini, nikaweka kipande cha karatasi juu yake, ndipo nikaweka za Marcelline."

"Nywele za namna gani?" Ya Tina akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Za kizungu. Laini. Za kahawia. Ndefu, zimeviringishwa mara nyingi kweli."

Mama akanitazama.

"Sijamwambia," nikasema. "Mama, naapa sijamwambia ndoto."

"Ndoto gani?" Zephaniah akauliza.

Akamaliza kuzungusha, akainua kile kioo chembamba kwa ncha ya kucha, na akabaki ameinama vile vile.

"Eish," akasema.

"Nini?"

"Karatasi ipo chini."

Tukasogea wote. Kipande cha karatasi kilikuwa chini kabisa, kimelala bapa kwenye dhahabu. Juu yake nywele za kahawia na nywele zangu zilikuwa zimeingiana, zimepitana juu na chini, nyuzi kwa nyuzi, kitu ambacho mimi kwa kazi yangu naweza kukiita kwa jina lake. Zilikuwa zimesukwa. Si vizuri sana, kama mtu anayejifunza.

"Sikuziweka hivi," Zephaniah akasema. "Marcelline, mimi hata kufunga kamba za viatu ni shida. Sikuziweka hivi."

"Najua," nikasema.

"Tuchome yote," Ya Tina akasema.

"Unachoma na za mutoto wangu ndani?" mama akamkata. "Apate kichaa? Hapana. Zinatenganishwa. Marcelline, fanya."

Basi nikafanya. Nilitandika taulo jeupe mezani, nikachukua chanuo cha mkia na sindano ya kushonea weaving, nikaketi. Zephaniah akanishikia kioo chake cha kukuza, uso wake karibu na wangu, pumzi yake inanipita shavuni. Siku nyingine ningeomba kazi ile isiishe. Nikavuta wa kwanza, wangu, ukatoka chini ya ule wa kahawia, na nyuma ya sikio langu la kushoto nikasikia kitu kikivuta. Nikapeleka mkono haraka. Hakuna kitu.

"Nini?" Zephaniah akanong'ona.

"Ulinikata upande gani?"

"Kushoto. Nyuma ya sikio."

Nikavuta wa pili, kukavuta tena. Kila unywele niliouondoa pale mezani niliusikia kichwani, hauumi, unavuta tu, kama mama alivyokuwa akinisuka utotoni na mimi nataka kukimbia kucheza. Na zile za kahawia zilikuwa haziishi. Nilizikusanya upande mmoja wa taulo, zikawa rundo, na rundo lile, niwaambie ukweli, lisingeingia ndani ya kidani kile hata ungelikandamiza kwa nyundo. Ya Tina alikuwa anasali kwa Kilingala kwenye kona. Nilipotoa wangu wa mwisho, mvuto ukakatika, na kichwa changu kikawa chepesi kama nimefumuliwa.

Nikazitia zangu kwenye mfuko wangu, nikafunga zipu.

"Na huyu?" nikauliza. Rundo la kahawia lilikuwa limetulia pale kwenye taulo.

Nilitegemea mama aseme litupwe. Akalisogelea. Kisha akaliokota kwa mikono miwili, akaanza kulirudisha ndani ya kidani, anazungusha, anazungusha, na sijui aliwezaje, likaingia lote. Akafunga kifuniko.

"Naye alikuwa mutoto wa mutu," akasema. "Amekaa na wageni wa kutosha. Kesho nitamuzika, na nitamuombea."

Nilidhani yameisha. Mama akaokota boksi la keki, akampa Zephaniah.

"Kijana, asante. Hauko mutu mubaya, naona. Lakini ulichukua kitu ya mutoto wangu gizani, ukaificha, hata hauna jibu. Rudi kwenu Queensburgh. Namba yake ufute."

Zephaniah akasimama na boksi lake. "Mama, tafadhali."

"Nimemaliza."

Akanigeukia mimi. Hakusema neno, na nilimshukuru, maana angesema jina langu ningevunjika. Akavaa miwani, akainama kupita chini ya mlango.

Nami nikangoja nipone. Nywele zangu zilikuwa mfukoni mwangu, hakuna aliyenishika tena. Kama ilikuwa dawa, basi ndiyo ilikuwa imetoka, na mimi nilipaswa kumtazama mtu yule mgongoni, na shati lake lililolowa jasho, nimwone ni fundi wa miwani tu kutoka Overport. Nikangoja. Mgongo wake ukafika nje. Tumbo likanikata vile vile, pale pale, kama jana na juzi. Hiyo ilikuwa yangu mwenyewe. Sikuwahi kufurahia maumivu kama yale.

"Zephaniah, rudi," nikasema.

"Marcelline," mama akaonya.

"Mama, niache kidogo. Rudi ndani. Kaa kwenye kiti."

Akarudi. Nikamgeuzia kile kiti cha wateja, nikachukua mashine ya kunyolea.

"Ulisema zako nitakata mimi."

"Siku ya harusi."

"Leo."

Akacheka kidogo, akaanza kuketi, kisha akauliza, "Na ukizikata, unaziweka wapi? Kidani si kinazikwa?"

"Nampa mama."

Akasimama tena. Nilimwona kwenye kioo akimtazama mama yangu, mwanamke mfupi amekaa kwenye kigoda na mikono imekunjwa, aliyetoka kumwambia afute namba. Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika afro lake.

"Shosho wangu, bibi yangu, alikuwa anafukia zetu nyuma ya zizi la ng'ombe," akasema. "Akitunyoa tu, anachukua jembe anaenda. Hakuwahi kutuambia kwa nini. Tulikuwa tunamcheka sana."

"Na sasa unamcheka?"

"Hapana."

"Unaogopa."

"Ndiyo, Marcelline. Naogopa."

"Basi sasa unajua ulichonifanyia," nikamwambia. "Mlango uko wazi. Ukitoka sitakuchukia."

Mvua ikaanza kupiga kwenye chuma. Yeye akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani kando ya kidani. Akaketi. Nikamwona anafumba macho. Nilianzia nyuma ya sikio la kushoto. Mashine ilinguruma, na shungi lake la kwanza likaniangukia kiganjani, bado lina joto lake. Nilipita mpaka kichwa kizima kikabaki cheupe, na sikuacha unywele hata mmoja uguse sakafu. Kisha nikaenda nikapiga goti mbele ya mama, nikamjazia mikono.

Mama akazitazama. Akaukunjua upindo wa kitenge chake, akazitia, akafunga fundo moja, akafunga la pili, akalivuta kwa meno likakaza. Akalipachika kiunoni, upande wa ndani, pale anapoweka vitu asivyotaka viguswe.

Zephaniah alikuwa bado kitini, amejishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama," akasema, "utazifanyia nini?"

"Sijaamua," mama akamjibu. "Kesho piga simu kwenu. Waambie bazee waje."